Nashua Dodgers: ekipe ya mji mdogo iliyoishi miaka minne tu, na mlango iliofungua

Mwaka wa 1946, mzee mmoja wa Philadelphia, kule Marekani, alipata mzigo usio wa kawaida kutoka kwa mtoto wake: vifaranga vya kuku, zaidi ya elfu moja. Mtoto hakuwa mfugaji. Alikuwa mchezaji wa besiboli. Katika mji mdogo alipokuwa akicheza, mfugaji mmoja wa kuku alikuwa ametoa ahadi: kila mchezaji wa ekipe yetu atakayepiga mpira ukavuka ukuta wa uwanja, nitampa vifaranga 100. Mtoto huyo aliuvusha mpira mara 13 katika shampiona ya kawaida. Ufanye hesabu mwenyewe. Baba akaanza kufuga kuku.

Jina la mtoto ni Roy Campanella. Mji huo unaitwa Nashua. Na ekipe iliitwa Nashua Dodgers. Ilianzishwa mwaka wa 1946, ikafa mwaka wa 1949. Miaka minne tu. Huku kwetu Mashariki ni wachache waliowahi kuisikia, juu besiboli si mchezo wetu. Lakini historia yake ina mambo ambayo kila mtu anayependa ekipe ya mji wake atayaelewa haraka: ubaguzi, feza, gazeti la mji, izine iliyofunga milango, na wachezaji waliochukuliwa na wakubwa bila wakubwa kulipa kitu. Tuyafuate hatua kwa hatua.

Kwanza, besiboli ni nini?

Tuseme kwa kifupi, ili tusipotezane njiani. Kila ekipe ina watu tisa uwanjani. Mmoja, mrushaji, anasimama katikati na kurusha mpira mdogo mgumu kwa nguvu zote, umbali wa mita 18 hivi. Mpinzani anamngoja na gongo la mti mkononi. Akiupiga mpira vizuri, anakimbia kuzunguka vituo vinne vya uwanja, na akirudi pale alipoanzia, anahesabiwa pointi moja. Mpira ukivuka ukuta wa uwanja, anazunguka polepole kwa raha yake, hakuna wa kumzuia. Huo ndio mpigo wa vifaranga 100.

Nyuma ya mpigaji anachuchumaa mtu mwingine, mdakaji. Huyu amevaa ngao kifuani na wavu usoni. Anadaka mipira ambayo mpigaji ameikosa. Lakini kazi yake kubwa si kudaka. Ni yeye pekee anayeona uwanja mzima mbele yake, na ni yeye anayemwonyesha mrushaji kwa vidole: sasa rusha huu wa kasi, sasa rusha ule wa kupinda. Kwa maneno mengine, mdakaji ni kiongozi wa ekipe uwanjani. Kumbuka jambo hilo, tutalirudilia.

Shampiona kubwa na shampiona ndogo

Marekani kuna shampiona kubwa, ya miji kama New York, Boston na Chicago. Chini yake kuna shampiona nyingi ndogo za miji midogo, zimepangwa kwa ngazi. Ekipe za chini nyingi zinafungamana na ekipe kubwa moja. Ekipe kubwa inatuma vijana wake huko wajifunze, kisha inawapandisha ngazi kwa ngazi. Wamarekani wanaziita ekipe za shamba, na jina linafaa: ni kama kitalu cha miche. Unaotesha huku, unapanda kule.

Aliyetengeneza mpango huo ni Branch Rickey. Miaka ya 1940 alikuwa mkubwa wa Brooklyn Dodgers, ekipe ya New York. Ndiyo maana ekipe ya Nashua nayo ikaitwa Dodgers: ilikuwa kitalu cha Brooklyn, ngazi ya B, katika shampiona ya New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani.

Ukuta usioandikwa

Siku hizo, Mmarekani Mweusi hakuruhusiwa kucheza pamoja na Wazungu katika besiboli ya kulipwa. Usitafute sheria iliyoandikwa, hautaiona. Lilikuwa patano la wakubwa wa ekipe, la kimyakimya. Mchezaji Mweusi Moses Fleetwood Walker alikuwa amecheza katika shampiona kubwa mwaka wa 1884, kisha mlango ukafungwa. Katika shampiona ndogo, Weusi wachache waliendelea kidogo, lakini kabla ya mwaka wa 1900 nao wakatolewa. Zaidi ya miaka 40 ikapita hivyo.

Weusi hawakukaa mikono mitupu. Waliunda shampiona zao wenyewe, zenye ekipe za nguvu na supota wengi. Roy Campanella alianza kucheza humo akiwa kijana wa miaka 15 tu. Baba yake alikuwa Mwitaliano, mama yake Mweusi, na kwa Marekani ya siku hizo hiyo ilitosha kumhesabu Mweusi.

Mwezi wa kumi 1945, Branch Rickey akatangaza kwamba amemsajili Jackie Robinson, Mweusi. Habari ikazunguka nchi nzima. Msimu wa 1946, Robinson akatumwa Montreal. Lakini Montreal iko Kanada. Ndani ya Marekani yenyewe, bado hakuna mji uliokuwa umekubali.

Mji uliokataa na mji uliokubali

Rickey alikuwa na vijana wengine wawili Weusi. Mmoja ni Campanella, miaka 24, mdakaji. Mwingine ni Don Newcombe, kijana mrefu wa miaka 19, mrushaji, aliyetoka ekipe ya Newark Eagles. Wapelekwe wapi?

Kwanza Brooklyn ikajaribu Danville, mji wa jimbo la Illinois. Jibu likawa baya: wakubwa wa shampiona ya huko walisema afazali kuifunga shampiona yote kuliko kupokea Weusi wawili. Basi, simu ikapigwa Nashua.

Nashua ni mji wa jimbo la New Hampshire, karibu na Boston. Wakati ule ulikuwa na watu 33,000 hivi. Ulikuwa mji wa wafanyakazi. Mto ulizungusha mashini, mashini zikafuma vitambaa na mablangeti, na karibu kila familia ilikuwa na mtu katika izine za vitambaa. Wafanyakazi hao walikuwa wageni au watoto wa wageni: Wakanada wanaosema Kifaransa, waliotoka Québec, pamoja na Wairlandi, Wagiriki, Wapolandi na Walithuania. Weusi walikuwa wachache sana, wa kuhesabu.

Mkubwa wa ekipe pale alikuwa Buzzie Bavasi, mwenye miaka 31. Alipoulizwa kama atawapokea wachezaji hao wawili, hakuuliza rangi yao. Aliuliza kama wanajua kucheza. Walijua.

Mhariri akawa prezidenti wa ekipe

Hapa kuna jambo linalotugusa sisi wa redio na magazeti. Bavasi alijua kwamba uwanja unaweza kuwa mzuri, kocha akawa mzuri, lakini mji ukigeuka, kila kitu kimekwisha. Akafanya hesabu. Akamtafuta Fred Dobens, mhariri wa gazeti la mji, Nashua Telegraph, na Dobens akawa prezidenti wa ekipe.

Mtu anaweza kusema huo si uandishi safi, mwandishi kuongoza ekipe anayoiandikia. Na ni kweli, swali hilo ni la haki. Lakini tazama kilichotokea: gazeti liliwaandika Campanella na Newcombe kama wachezaji. Wametoka wapi, wanacheza nafasi gani, wamefanya nini jana. Halikuwafanya ajabu ya kutazamwa, wala shida ya kujadiliwa kila asubuhi. Watu wa mji wakazoea kusoma majina yao pamoja na majina ya wengine. Neno la gazeti, kama neno la redio, linaweza kuwasha moto na linaweza kuuzima. Nashua lilitumika kuuzima kabla haujawaka.

Mshahara uliopungua mara tatu

Tusifikiri kwamba wachezaji hawa walipewa zawadi. Campanella alikuwa nyota katika shampiona ya Weusi. Alikuwa akipata karibu dola 600 kwa mwezi. Nashua walimpa dola 185. Alikubali kushuka ngazi na kupunguziwa mshahara, juu ya mlango mmoja tu: mlango wa kufika Brooklyn.

Na kulikuwa na amri moja ngumu kuliko mshahara. Rickey aliwaomba wachezaji wake Weusi wasijibu matusi. Mtu akikutukana, nyamaza. Akikupiga, usirudishe. Alijua kwamba ugomvi mmoja tu ungetumiwa na wale waliokuwa wakingoja kusema: mnaona, tulisema haiwezekani.

Matusi yalikuja. Katika mji wenyewe, wawili hao waliishi kwa amani pamoja na wake zao, na baadaye katika maisha yao waliusifu mji huo. Shida ilitoka kwa wapinzani. Katika mechi na Manchester, mchezaji mmoja alichota vumbi akamtupia Campanella usoni. Campanella akamvua mtu yule matumaini kwa maneno machache: rudia tena, utaona. Hakurudia.

Wapinzani wakubwa walikuwa Lynn Red Sox, kitalu cha Boston. Hao walitukana mechi nzima. Bavasi alisimulia baadaye namna alivyowafuata kwenye basi lao baada ya mechi moja, akiwa na hasira, akawaambia yale waliyothubutu kuwaambia vijana wake wayaseme sasa mbele yake. Newcombe na Campanella walikuwa wamefungwa mdomo na amri. Mkubwa wao hakufungwa. Wachezaji hawakusahau jambo hilo.

Jioni Mweusi alipoongoza Wazungu

Kocha wa Nashua aliitwa Walter Alston. Mbali na kufundisha, alicheza pia yeye mwenyewe. Tangia mwanzo wa msimu, Alston alikuwa amempanga Campanella: siku mwamuzi akinifukuza uwanjani, wewe utashika ekipe.

Siku hiyo ilifika mwezi wa sita 1946, katika mechi na Lawrence. Alston aligombana na mwamuzi, akatolewa. Nashua walikuwa nyuma kwa pointi. Campanella akashika uongozi, na hapo hapo akawa Mweusi wa kwanza kuongoza wachezaji Wazungu katika besiboli hiyo ya kulipwa. Hakuna aliyepiga tarumbeta. Mechi iliendelea.

Na hakukaa bure. Ilipofika saa ya kubadilisha mpigaji, Campanella akamwita Newcombe. Newcombe ni mrushaji, na warushaji wengi hawajui kupiga. Lakini Campanella alimjua rafiki yake. Newcombe akaupiga mpira ukavuka ukuta. Nashua wakashinda.

Sasa rudi kwenye lile neno la mdakaji. Hata siku ambazo Alston hakufukuzwa, Campanella alikuwa akichuchumaa nyuma ya mpigaji, akiwaonyesha warushaji Wazungu kwa vidole nini wafanye, na wao wakitii. Watu wa ubaguzi walikuwa wakisema Mweusi hawezi kuwaza kwa ajili ya Mzungu. Jioni baada ya jioni, mbele ya supota wa Nashua, maneno hayo yalikosa pa kusimama.

Namba za msimu huo zinaonekana wazi. Newcombe alishinda mechi 14, akapoteza 4. Campanella alichaguliwa mchezaji bora wa shampiona nzima. Ekipe ilimaliza nafasi ya pili nyuma ya Lynn, lakini katika mechi za mwisho za kuamua kombe, Nashua wakawapiga Lynn hao hao waliotukana. Kombe likaja mjini.

Miaka iliyofuata

Mwaka wa 1947, Jackie Robinson aliingia Brooklyn, katika shampiona kubwa. Campanella alipandishwa Montreal. Newcombe alirudishwa Nashua msimu wa pili, akashinda mechi 19. Mwaka wa 1948 akaja Dan Bankhead, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa mrushaji Mweusi wa kwanza wa shampiona kubwa. Nashua alishinda mechi 20. Kombe la shampiona hiyo likabaki Nashua mara tatu mfululizo: 1946, 1947 na 1948.

Ukitazama hivyo utasema, ekipe hii ina maisha marefu mbele. Kumbe ilikuwa imebakiza mwaka mmoja.

Ekipe ilikufa namna gani?

Mambo mawili yalikutana.

La kwanza lilitoka izine. Izine kubwa za vitambaa za Nashua zilikuwa zimenunuliwa na kompani moja kubwa, Textron. Mwaka wa 1948, Textron ikatangaza kufunga kazi Nashua. Kompani nyingi za vitambaa zilikuwa zinahamia majimbo ya kusini, fasi mishahara ilikuwa ya chini. Maelfu ya watu wakajikuta hawana kazi. Jambo likafika mpaka kwa maseneta wa nchi, wakaja kuuliza maswali. Mtu asiyejua atalipa nini nyumba mwezi ujao hanunui tiketi ya mpira.

La pili lilitoka hewani, na sisi wa redio tulikubali bila kuona haya. Baada ya vita, mechi za shampiona kubwa zilianza kutangazwa redioni mbali sana, mpaka katika miji midogo. Kisha ikaja televisheni. Boston ilipata yake mwaka wa 1948. Supota wa mji mdogo akaanza kukaa nyumbani na kufuata Boston bure, kuliko kulipa kwenda kutazama vijana wasiojulikana. Nchi nzima, mwaka wa 1949 ulikuwa kilele: zaidi ya shampiona ndogo 50, na watazamaji karibu milioni 40. Kutoka hapo, uwanja mmoja baada ya mwingine ukabaki mtupu. Kabla ya miaka 15 kupita, sehemu kubwa ya shampiona hizo zilikuwa zimekufa.

Shampiona ya New England ilikuwa kati ya zile za kwanza kuanguka. Msimu wa 1949, nusu ya ekipe zake zilijitoa katikati ya msimu kwa kukosa feza. Zilizobaki zilimaliza mechi zao, na shampiona ikafungwa. Brooklyn ikaondoa miche yake Nashua, ikaenda kuotesha kwingine. Hakukuwa na ugomvi wala kesi. Mwaka uliofuata, hakukuwa na ekipe.

Deni ambalo halikulipwa

Historia hii ina upande mwingine, na si vizuri kuuficha juu tu habari ni tamu.

Branch Rickey alipowachukua wachezaji Weusi, hakulipa ekipe zao za zamani. Alisema shampiona za Weusi hazikuwa na kontra za kweli, basi hakuna wa kulipwa. Effa Manley, mwanamke aliyeongoza Newark Eagles pamoja na mume wake, alilalamika waziwazi. Yeye ndiye aliyempa Newcombe kazi, akamlea kama mchezaji, na siku moja akaambiwa amekwenda. Asante hakuna, feza hakuna. Alipopoteza mchezaji mwingine, Larry Doby, mwaka wa 1947, alidai mpaka ekipe ya Cleveland ikatoa dola 15,000. Hata hizo zilikuwa chini ya kile ambacho Mzungu wa kiwango kile angeuzwa.

Matokeo yalikuwa mabaya kwa ekipe za Weusi. Supota wao waliwafuata nyota wao kwenye shampiona kubwa. Mwisho wa mwaka wa 1948, shampiona moja kubwa ya Weusi ikafungwa. Mlango ulifunguka kwa wachezaji, lakini wenye ekipe Weusi, wenye biro zao, madereva wa mabasi yao, wauzaji wa chakula kwenye viwanja vyao, wengi walibaki nje ya mlango huo. Mambo haya mawili ni ya kweli kwa pamoja: kilichofanywa Nashua kilikuwa cha haki, na waliolipa gharama yake si wale tu waliotukanwa uwanjani.

Sisi huku tunalijua jambo hilo kwa sura nyingine. Ekipe ya mtaa inamlea kijana tangu akicheza peku, inamnunulia viatu, inamlipia usafiri. Akianza kung'aa, anachukuliwa na ekipe kubwa ya mji mwingine au ya nchi nyingine. Siku hiyo ndipo komite inaanza kutafuta karatasi. Karatasi hakuna. Effa Manley angewaambia: muandike mapema, wakati kijana bado hajajulikana. Leo katika mpira wa miguu, sheria za FIFA zinasema ekipe zilizomlea mchezaji tangu akiwa na miaka 12 zinastahili fungu, lakini bila usajili wenye tarehe na alama, fungu hilo ni ndoto.

Walikwenda wapi?

Campanella aliingia Brooklyn mwaka wa 1948. Alichaguliwa mchezaji bora wa shampiona yake mara tatu: 1951, 1953 na 1955. Mwezi wa kwanza 1958 gari lake lilipinduka usiku kwa utelezi, akavunjika shingo. Aliishi katika kiti cha magurudumu miaka 35, bila kuacha kufundisha vijana, mpaka kufa kwake mwaka wa 1993.

Newcombe aliingia Brooklyn mwaka wa 1949, akachaguliwa mchezaji mpya bora. Mwaka wa 1956 alishinda tuzo la mchezaji bora, pamoja na tuzo la mrushaji bora lililotolewa mara ya kwanza kabisa mwaka huo. Baadaye pombe ilimharibia mengi. Aliiacha, na akatumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwasaidia wengine kuiacha. Alifariki mwaka wa 2019 akiwa na miaka 92.

Mwaka wa 1955, Brooklyn ilishinda kombe kubwa la Marekani kwa mara yake ya kwanza. Tazama nani walikuwepo. Kocha: Walter Alston. Mkubwa wa ekipe: Buzzie Bavasi. Mdakaji: Roy Campanella. Mrushaji aliyeshinda mechi 20 msimu huo: Don Newcombe. Wote wanne walikuwa pamoja Nashua miaka tisa mbele, katika uwanja wa mji wa mablangeti, kwa mishahara midogo.

Na mji wenyewe? Haukufa. Baada ya Textron kuondoka, wakubwa wa mji na wafanyabiashara walijiunga, wakazichukua zile nyumba za izine na kuzipangisha kwa kompani ndogo ndogo za kazi mbalimbali, ili mji usitegemee tena tajiri mmoja. Mwaka wa 1952 ikaja kompani ya vyombo vya elektroniki, Sanders, ikakua, na watu wengi wakapata kazi humo.

Uwanja uko vilevile. Unaitwa Holman Stadium, ulijengwa mwaka wa 1937 kwa kazi za mikono zilizolipwa na serikali wakati wa shida kubwa ya uchumi. Ekipe nyingine zimekuja zikapita humo, na mpaka miaka hii vijana wanacheza humo wakati wa joto. Ndani ya uwanja huo wameweka namba za Campanella na Newcombe, 39 na 36, pamoja na 42 ya Jackie Robinson. Shampiona yenyewe ilishakufa zamani, na watu wengi wa mji wasingeweza kukutajia ekipe zilizokuwa humo. Namba hizo wanazijua.